Walinzi wa Usiku: Kutoka Rungwe hadi Bahari Nyeupe

Katika miaka ya 1930 Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, katika Tanzania ya leo, wakiandika kila walichoambiwa, na katika hayo yalikuwamo mambo ya usiku. Kijiji, walielezwa, hakilali bila walinzi. Wapo watu wachache waitwao abamanga, wenye chatu tumboni. Hao huwaona wachawi ndotoni, wanapokuja kutafuna watu na kunyonya maziwa ya ng'ombe, na hupigana nao huko huko gizani. Lakini mchawi naye ana chatu. Chatu ni yule yule na uwezo ni ule ule. Kinachowatenga ni kwamba huyu anautumia kwa uroho wake, na yule anautumia kwa ajili ya majirani.

Mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha makala iliyowalinganisha Wanyakyusa na Wapondo wa Afrika Kusini, akapendekeza kwamba imani za uchawi zisomwe kama jinamizi ambalo jamii nzima huliota pamoja. Watu wa Rungwe wa leo, ambao wengi ni Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki na Wapentekoste, huenda wasifurahi kutambulishwa kwa chatu, na wana haki hiyo. Ila wazo lenyewe ni zito kuliko linavyodhaniwa: nguvu ya kuua iliyofichwa inaweza kuwa ulinzi, na mlinzi na muuaji wanaweza kubeba kitu kimoja. Kama Wilson alikuwa sahihi, mataifa makubwa nayo yana jinamizi lao. La Urusi lina urefu wa mita 170.

Ni nyambizi za aina ya Borei, zinazoundwa katika kiwanda cha Sevmash mjini Severodvinsk, kando ya Bahari Nyeupe. Ya kwanza, Yuri Dolgoruky, ilianza kuundwa Novemba 1996, wakati Urusi ikihangaika hata kulipa mishahara ya askari wake, na ikaingia kazini Januari 2013. Ikizama, uzito wake ni kama tani 24,000. Kinu cha nyuklia kilichomo ndani hakihitaji hewa, wala hakijazwi mafuta kila safari, kwa hiyo kinachoirudisha bandarini ni chakula cha mabaharia kuisha, baada ya miezi mitatu hivi. Humo wamo watu 107. Nyuma ya mnara wake yamesimama makombora 16 ya Bulava, kila moja likiweza kubeba vichwa 6 vya nyuklia, na kila kichwa kinakadiriwa kuwa na nguvu ya kilotoni 100 au zaidi. Bomu lililoangushwa Hiroshima lilikuwa la kilotoni 15 hivi.

Mei 22, 2018, Yuri Dolgoruky ilifyatua makombora manne mfululizo kutoka chini ya maji ya Bahari Nyeupe, yakaenda kuangukia uwanja wa majaribio wa Kura katika rasi ya Kamchatka, upande wa pili kabisa wa nchi. Yalikuwa ya mazoezi, hayakubeba nyuklia. Aliyetakiwa aone aliona. Tangu hapo nyambizi nyingine za aina hiyo zimeendelea kuzinduliwa, na Julai 2025 Rais Vladimir Putin mwenyewe alikuwapo Severodvinsk bendera ilipopandishwa juu ya Knyaz Pozharsky.

Kata ya Nkunga, wilayani Rungwe, iko takribani kilomita 8,200 kutoka Severodvinsk, ukiteremka karibu moja kwa moja kusini. Masafa ya Bulava yanatajwa kuwa zaidi ya kilomita 8,000. Hakuna jemadari mwenye akili timamu atakayepoteza kombora kwa mashamba ya chai na migomba ya Nkunga, na Urusi imekwisha kuahidi hivyo kwa maandishi. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo Aprili 1996 na kuanza kutumika Julai 2009, uliifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mwaka 2011 Urusi iliridhia itifaki zake, ikajifunga kwamba haitazitumia silaha hizo, wala kutishia kuzitumia, dhidi ya nchi zilizomo.

Ahadi njema. Tatizo ni moshi. Mwaka 2022 jarida la Nature Food lilichapisha utafiti ulioongozwa na Lili Xia wa Chuo Kikuu cha Rutgers. Watafiti walipiga hesabu ya masizi ambayo miji inayoungua ingeyarusha angani, yakalifunika jua kwa miaka, mvua zikapungua na mazao yakakataa. Katika vita kati ya Marekani na Urusi, walikadiria, zaidi ya watu bilioni 5 wangeweza kufa kwa njaa, wengi wao katika nchi ambazo hazikurusha wala kurushiwa kitu. Tukuyu, mji wa huko huko Rungwe, ina sifa ya mvua nyingi na baridi yake ya Juni na Julai si ya mchezo; mgomba unastahimili kiasi hicho, hauna akiba ya kustahimili zaidi. Mkataba unaweza kulizuia kombora lisije Rungwe. Baridi haisomi mikataba.

Kwa hiyo mtu wa Nkunga hayumo katika jambo hili kama mtazamaji, na swali linalofuata ni lake pia, tena ni la watu wa dini na falsafa kabla ya kuwa la wanajeshi. Je, ni halali kuweka nia ya kutenda jambo ambalo kulitenda kungekuwa dhambi kubwa, ikiwa nia hiyo yenyewe ndiyo inayolizuia lisitokee?

Wanaoitetea nyambizi wana hoja, na haifai kuipita haraka. Tangu 1945 dunia haijaona vita kuu nyingine kati ya mataifa makubwa. Kombora lililochimbiwa ardhini mahali panapojulikana humtia mwenyewe wasiwasi: asipolitumia mapema, adui atamwahi. Nyambizi haina pupa hiyo. Haijulikani ilipo, kwa hiyo kamanda wake na rais wake wanaweza kusubiri, kuuliza tena, kuhakikisha. Katika familia nzima ya silaha za nyuklia ndiyo yenye subira kuliko zote, na wapo waadilifu kabisa wanaoamini kwamba wajukuu wetu wako hai kwa sababu ya chuma hicho kilichojificha chini ya barafu.

Paul Ramsey, mwanatheolojia Mmethodisti wa Marekani, alijibu hoja ya aina hiyo kwa mfano ambao ukihamishiwa barabara ya Mbeya kwenda Kyela unauma zaidi. Tuseme serikali imechoshwa na ajali za miteremko ya Kiwira na Tukuyu. Inaamuru kila lori, kila Costa na kila bajaji ifungwe mtoto mchanga kwenye bampa ya mbele. Madereva wote wanapunguza mwendo. Mwaka mzima unapita hakuna ajali, hakuna hata mtoto mmoja aliyekwaruzwa. Je, kuna mzazi ambaye angesema utaratibu huo ni halali kwa kuwa umefanikiwa? Kwa Ramsey ubaya ulikuwa umekwisha kutendeka pale mtoto alipofungwa kamba. Ajali ingeuongezea tu. (Ramsey mwenyewe hakuufuata mfano wake hadi mwisho, aliendelea kukubali vitisho fulani, mradi vilenge majeshi na si miji. Wanatheolojia nao wana breki zao.)

Mwanafalsafa Gregory Kavka, mwaka 1978, alilifungua swali hilo upande mwingine. Alisema huenda zikawapo hali ambamo ni vyema kuwa na nia ya kufanya jambo ambalo ni vibaya kulifanya, maana nia na tendo vina matokeo yanayopingana: nia inaleta amani, tendo linaleta maangamizi. Hapo ndipo penye fundo. Nia ya kweli haikai peke yake kama pambo la ukutani. Mwenye nia ni mtu aliyejitayarisha kutenda.

Waingereza wana desturi inayolianika fundo hilo peupe. Waziri mkuu mpya anapoingia madarakani huandika kwa mkono barua nne, moja kwa kila kamanda wa nyambizi zao nne za makombora, zikafungiwa ndani ya sefu. Zitafunguliwa tu ikiwa Uingereza imekwisha kuangamizwa na serikali haipo tena. Wakati huo tishio limekwisha kushindwa kazi yake. Kufyatua hakumlindi tena yeyote, maana wa kulindwa wamekufa. Kilichobaki ni kisasi cha maiti kinachotekelezwa na walio hai. James Callaghan, aliyekuwa waziri mkuu 1976 hadi 1979, alisema miaka ya baadaye kwamba angetoa amri hiyo kama ingelazimu, na kwamba kama angebaki hai asingejisamehe. Ni jibu la kweli, na ndilo linaloonyesha udhaifu wa jambo lote: mtu mwema anajua kabisa kwamba anaahidi asichoweza kukisamehe.

Dini mbili kubwa za Afrika Mashariki hazina shida kuelewa kwamba mambo huanzia moyoni. Katika mahubiri yake ya mlimani Yesu aliirudisha amri ya kutoua nyuma hadi kwenye hasira. Wanazuoni wa Kiislamu wamefungua baadhi ya vitabu mashuhuri vya hadithi kwa hadithi ya nia, na wanafundisha pia kwamba aliyekusudia uovu akauacha kwa kumcha Mungu huandikiwa jema. Mtetezi wa nyambizi angeweza kuikimbilia nafuu hiyo: si tumekusudia, na hatujatenda? Lakini nafuu ni ya aliyeacha. Nyambizi haijaacha. Nia yake hufanyiwa mazoezi, hukaguliwa, huwekewa bajeti kila mwaka na kuachiwa zamu kama lindo la hospitali. Rais anaweza kuwa anatisha tu, na hakuna atakayejua. Baharia hawezi. Ili tishio liaminike, lazima awepo mtu halisi, mwenye mke na watoto Severodvinsk au Murmansk, ambaye amri ikija hatauliza. Dhamiri ya taifa zima imewekwa rehani kwa watu 107.

Namna amri inavyomgeuza mtu, Ziwa Nyasa lina kisa chake. Agosti 1914 habari za vita ziliwafikia Waingereza wa Nyasaland, Malawi ya leo, kabla ya Wajerumani wa upande wa pili. Kapteni Rhoades wa meli Gwendolen aliamriwa kuiharibu meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, ambayo nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Agosti 13 aliikuta Sphinxhaven, leo Liuli, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaifyatulia mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alipiga makasia kwa hasira hadi kwenye Gwendolen kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Akaishia kuwa mfungwa wa vita ambavyo hakuwa amesikia kwamba vimeanza. London walilisoma tukio hilo kama ushindi wa jeshi la majini. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na hakuna aliyekufa siku ile. Lakini kimebeba jambo lisilochekesha: Rhoades hakuwa na ugomvi wowote na Berndt. Simu ilitosha.

Kinyume chake ni Vasily Arkhipov. Oktoba 27, 1962, karibu na Cuba, nyambizi ya Kisovieti B-59, ya injini za dizeli lakini yenye topido moja ya nyuklia, ilizingirwa na manowari za Marekani zilizoirushia baruti za kuilazimisha ipande juu. Ndani joto lilikuwa halivumiliki, hewa imechafuka, mawasiliano na Moscow hayapo. Kwa simulizi za waliokuwamo, kamanda Savitsky alidhani vita vimeanza akataka topido itayarishwe. Arkhipov, ofisa mwenzake aliyekuwa na mamlaka ya msafara, alikataa na kumtuliza. Nyambizi ikapanda juu, ikarudi kwao. Leo dunia inamshukuru mtu huyo kwa kitendo ambacho, kwa mantiki ya silaha aliyokuwa amekalia, ni kasoro. Mfumo wa vitisho unahitaji watu wasiofanya kama Arkhipov. Ukipata wengi kama yeye, hautishi tena.

Ndiyo maana inafaa kuwasikiliza tena wazee waliozungumza na akina Wilson, si kwa ajili ya chatu bali kwa ajili ya masharti waliyomwekea. Nguvu ya abamanga haikuwa halali kwa sababu wao ni walinzi. Ilikuwa halali pale tu ilipokwenda sambamba na maoni ya majirani. Mtu aliyewavunjia heshima wazazi au wakwe angeweza kupatwa na homa iliyosemwa kuwa ni pumzi ya watu, na kila mmoja akajua kwa nini. Lakini walinzi wakimwumiza mtu kwa kinyongo, watu walisema wazi kwamba huo sasa ni uchawi. Katika ibada za ukoo wenye ugomvi walitakiwa kuutamka mbele ya wote, kwa kuwa hasira iliyofichwa moyoni ndiyo iliyoaminika kuua. Hata maiti haikuachwa na siri yake: ilikuwa desturi kuupasua mwili kuangalia kama mlikuwa na chatu.

Fikra hiyo ina makali. Inakubali, bila kujidanganya, kwamba jamii inaweza kuhitaji nguvu ya kutisha. Inachokataa ni nguvu isiyowajibika kwa wanaoweza kudhurika nayo. Ikipimwa kwa kipimo hicho, nyambizi ya makombora inashindwa vibaya, iwe ya Urusi, ya Marekani, ya Uingereza, ya Ufaransa au ya China. Majirani wake ni wanadamu wote, maana moshi ni wa wote, na hakuna hata mmoja wao anayeitwa kikaoni. Kwa muda mataifa mawili makubwa yalikubali kufunguliana matumbo: mkataba wa New START wa mwaka 2010 uliwaruhusu wakaguzi wa Urusi na Marekani kuhesabu makombora ya mwenzao, ya nyambizi pamoja. Ukaguzi ulisimama mwaka 2020 kwa sababu ya korona na haukurejea. Februari 2023 Urusi ikausimamisha ushiriki wake.

Dini ingetegemewa kuwa mahali pa kuitamka hasira hiyo hadharani. Mara nyingi imefanya kazi nyingine. Moja ya nyambizi za Borei inaitwa Aleksandr Nevsky, jina la mtawala aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1547; nyingine ni Knyaz Vladimir, kwa heshima ya mtakatifu aliyewaingiza Warusi katika Ukristo mwaka 988. Mji wa Sarov, ambako mtawa Serafim aliishi na kusali hadi kifo chake mwaka 1833, ndiko wanasayansi wa Kisovieti walikounda bomu lao la kwanza, na leo Serafim anatajwa na wengi nchini humo kama msimamizi wa silaha za nyuklia. Mapadri wa Kiorthodoksi wamenyunyizia makombora maji ya baraka mbele ya kamera.

Si Warusi tu. Usiku wa kuamkia Agosti 6, 1945, mchungaji wa jeshi, Mlutheri William Downey, aliwaombea safari njema marubani waliokuwa wakienda Hiroshima. Mwaka 1981 jeshi la majini la Marekani lilizindua nyambizi ya mashambulizi iliyoitwa Corpus Christi, Mwili wa Kristo, kwa jina la mji wa Texas. Wakatoliki walilalamika sana, jina likabadilishwa kuwa City of Corpus Christi, mambo yakaendelea. Mtu anaweza kuuliza kama Kristo aliheshimiwa kwa maneno mawili yaliyoongezwa ubavuni mwa chombo cha vita.

Makanisa yamekuwa yakisogea, polepole. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II alikubali kwamba kuzuiana kwa vitisho kunaweza kuvumiliwa kimaadili kwa muda, kama hatua ya kuelekea kuziondoa silaha zote. Muda huo ulirefuka. Novemba 2019, akiwa Hiroshima, Papa Francis alisema hata kuzimiliki tu ni kinyume cha maadili. Na ndani ya Kanisa la Urusi lenyewe, mwaka 2020, ilitolewa rasimu iliyopendekeza kwamba mapadri waache kubariki silaha za maangamizi na wabaki kumbariki askari. Ilikuwa rasimu ya kutolea maoni, lakini aliyeiandika alijua anagusa nini.

Rungwe ina urithi wake katika mabishano haya, ingawa hauzungumzwi sana. Wamisionari wa Moravian waliofika mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, walitoka katika Kanisa lililoanzia kijiji cha Kunvald, Bohemia, mwaka 1457, kati ya watu waliofuata mafundisho ya Petr Chelčický. Huyo alikuwa mtu wa shamba aliyesema Mkristo hashiki upanga, hata wa kujilinda, na kwamba Kanisa liliharibika siku lilipofanya urafiki na dola. Baadaye msimamo huo ulilegezwa, lakini haukufutika: mwaka 1749 Bunge la Uingereza liliwasamehe Wamoravian wajibu wa kubeba silaha. Gharama yake nayo inajulikana. Machi 8, 1782, kijiji chao cha Gnadenhütten, katika Ohio ya leo, kilivamiwa na wanamgambo wa Pennsylvania, na Wahindi Wekundu 96 waliobatizwa, watoto wakiwamo, wakauawa wakiwa hawana silaha mikononi.

Kwa hiyo anayemwambia mtu wa siasa za dunia kwamba upanga si halali kamwe, awe tayari kujibu kuhusu Gnadenhütten. Mwandishi wa makala hii hana jibu la kumfuta mtu machozi ya kijiji hicho. Anachoona ni kwamba nyambizi nayo si jibu. Inayafanya yale ya Gnadenhütten, mara milioni, kuwa dhamana ya mkopo.

Tanzania iliwahi kuwa na kiongozi aliyelisema jambo hili kwa sauti. Mei 22, 1984, Julius Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa karibu kila siku, alitoa tamko la pamoja na viongozi wengine watano: Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico na Andreas Papandreou wa Ugiriki. Waliyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasimamishe kuzijaribu, kuziunda na kuzisambaza. Januari 1985 walikutana Delhi; wakati huo Indira alikuwa amekwisha kuuawa, na mwaka uliofuata akauawa Palme. Hoja yao ya msingi ilikuwa ileile ya majirani wa abamanga: wasiozimiliki nao wana haki ya kusema, kwa kuwa watakufa pia. Wenye mabomu waliwasikiliza kwa adabu, na Septemba 2019 Tanzania ilitia saini mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa wa kuzipiga marufuku kabisa.

Tungeweza kuishia hapo tukiwa wasafi, kama si udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, na vibarua waliozungumza Kiswahili. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya Union Minière alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, kabla hata Wamarekani hawajaanza kumtafuta. Karibu zaidi na Nkunga, kilomita kama 80 kusini mwa Tukuyu kwa mwendo wa ndege, ng'ambo ya mto Songwe, uko mgodi wa urani wa Kayelekera wilayani Karonga, Malawi, nchi ya Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa. Ulifunguliwa mwaka 2009, bei ya urani ikaanguka baada ya ajali ya Fukushima, ukasimama 2014, ukaanza tena 2025. Na mkoani Ruvuma, wilaya ya Namtumbo, kuna mradi wa Mto Mkuju, ambao ardhi yake ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous kwa idhini iliyotolewa na kikao cha UNESCO mjini St. Petersburg mwaka 2012. Mwenye mradi ni Rosatom, shirika la serikali ya Urusi la nyuklia. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda chake cha majaribio.

Ingekuwa uongo kusema kwamba Namtumbo inailisha Yuri Dolgoruky. Urusi ilirithi urani ya kijeshi nyingi kiasi kwamba kati ya 1993 na 2013 iliiuzia Marekani tani 500 za akiba hiyo, zikapunguzwa makali na kuchomwa katika vinu vya umeme. Nyambizi haihitaji gunia hata moja kutoka Ruvuma. Wataalamu wa maadili wa Kikatoliki wangesema ushiriki wa mchimbaji wa Namtumbo ni wa mbali mno kumhesabia kosa, na yeye ana ada za shule za kulipa. Lakini Rosatom haina mkono mmoja. Shirika hilohilo linalojenga mitambo ya umeme ndilo linaloshughulikia vichwa vya nyuklia vya Urusi, na kituo chake kimojawapo cha kuvibuni kiko Sarov, mji wa Serafim.

Nchi inayouza inaweza kuweka masharti, na Mkataba wa Pelindaba una kifungu cha hayo, cha 9. Kinazitaka nchi za Afrika zisiuze urani, hata kwa matumizi ya amani, kwa nchi yoyote isiyo na silaha za nyuklia mpaka iwe imekubali ukaguzi kamili wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kwa nchi ambayo silaha hizo inazo tayari, sharti hilo halimo.